Baridi Inapoaga: Mashairi na Nyimbo za Kuisindikiza

Wasomaji Wanauliza: Fasihi na Muziki

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, shikamoo. Naishi Leipzig, Ujerumani, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili waliozaliwa huku. Kila ifikapo mwisho wa Februari watoto hurudi kutoka chekechea wakiimba nyimbo za kuiaga baridi, nami hubaki msikilizaji tu, kwa kuwa nyimbo nilizokulia Tanga hazina theluji ndani yake. Naomba unieleze ni mashairi na nyimbo zipi zinazofaa kipindi hiki, na jinsi ninavyoweza kuzifurahia pamoja nao. (Mama wa watoto wawili, Leipzig)

JIBU: Marahaba, dada. Anza na wimbo ambao yaelekea watoto wako wanaujua tayari, nao ni “Winter ade”, uliotungwa mwaka 1835 na August Heinrich Hoffmann von Fallersleben, mshairi yuleyule ambaye maneno yake ya mwaka 1841 yalikuja kuwa wimbo wa taifa la Ujerumani. Una beti 3 fupi, na kila ubeti hufunguliwa na kufungwa kwa maneno yaleyale ya kuiaga baridi na kusema kwamba kuagana kunauma. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba anayeagwa ni mgeni mpendwa, mpaka afike katikati ya ubeti na kusikia kwamba kuondoka kwa mgeni huyu ndiko kunakoufanya moyo ucheke. Ubeti wa pili humwambia kwamba atasahauliwa kwa furaha na kwamba anaweza kukaa mbali daima; ubeti wa tatu humwonya kwamba asipoharakisha kurudi kwao, ndege aitwaye Kuckuck atamcheka. Mtu wa Tanga aliyekua akisikia taarabu atakitambua kijembe hicho mara moja. Kwa hiyo usibaki msikilizaji: wewe chukua maneno ya kuaga, ukiyaimba kwa huzuni yote unayoweza, na watoto wachukue kijembe. Wimbo huo umejengwa kwa majibizano ya namna hiyo, nao hunoga zaidi waimbaji wanapokuwa wa pande mbili.

Mshairi huyohuyo, katika mwaka huohuo, alitunga “Alle Vögel sind schon da”, wimbo unaosema kwamba ndege wote wamekwisha kufika na kuwataja kwa majina wa aina 4, mmoja wao akiwa kwezi. Nakushauri uuweke akiba hadi Aprili, kwa sababu Februari ndege wengi bado wako safarini, na watoto wanaoimba jambo wasiloliona nje hujifunza kwamba maneno ya wimbo hayana uzito. Hapa ndipo ulipo msimamo wangu kuhusu kipindi hiki kizima: chagua kazi zinazozungumzia mpito wenyewe, wakati ambapo baridi imechoka lakini haijaondoka, na uziache zile za maua yaliyokwisha kuchanua zisubiri zamu yake. Sanaa ya mwisho wa baridi huishi kwa dalili ndogo, kama tone la maji au harufu ya udongo au sauti ya ndege mmoja, na anayeisoma akiwa ameziona dalili hizo asubuhi ileile hupata mara mbili ya kile anachopata msomaji wa mwezi mwingine.

Johann Wolfgang von Goethe, ambaye alisoma katika mji wako huo kati ya mwaka 1765 na 1768, aliuchora mpito huu vizuri kuliko washairi wengi ninaowajua. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia yake “Faust”, iliyochapishwa mwaka 1808, msomi Faust anatoka nje ya lango la mji siku ya Pasaka na kutazama bonde. Mito na vijito vimefunguliwa kutoka kwenye barafu, na baridi, ambayo sasa ni mzee aliyeishiwa nguvu, imerudi nyuma hadi milimani. Huko ilikokimbilia hutuma manyunyu ya barafu yasiyo na nguvu juu ya majani mabichi. Jua linataka kuyapaka mambo yote rangi, lakini maua hayajachomoza, basi linawachukua watu waliovaa nguo zao nzuri badala ya maua. Watu hao wanamiminika kutoka kwenye vyumba vya nyumba fupi, vichochoro vyembamba na giza la makanisa, kila mmoja akitafuta mwanga. Soma sehemu hiyo kwa sauti Jumapili ya kwanza yenye jua, kisha uwapeleke watoto kwenye bustani na kuwaambia watafute maua ya Goethe, yaani watu waliovaa nguo za rangi. Watayapata mengi.

Shairi la kukariri nyumbani liwe “Er ist’s” la Eduard Mörike, la mwaka 1829, lenye mistari 9 tu. Machipuko, yaani majira yanayofuata baridi, yanapeperusha utepe wa buluu hewani, harufu zinazojulikana zinapita juu ya nchi, maua madogo ya zambarau bado yanaota ndoto za kuja, na kwa mbali inasikika sauti hafifu ya kinubi. Ndipo anayesema anapotambua ni nani anayekuja. Leipzig ina bahati ya pekee hapa, kwa kuwa msitu wa bondeni unaopita katikati ya mji hujaa majani yanayonuka kama kitunguu saumu, na pua ya mtoto aliyepita humo mwezi Machi haihitaji kuelezwa maana ya harufu inayojulikana. Robert Schumann alilitilia shairi hilo muziki mwaka 1849 katika mkusanyo wake wa nyimbo za vijana, na Hugo Wolf akalitilia muziki wake mwaka 1888. Sikilizeni zote mbili. Wimbo wa Schumann unaimbika hata na mtoto. Katika wa Wolf piano huendelea kusherehekea baada ya mwimbaji kunyamaza, na mimi huupenda zaidi kwa sababu hiyo.

Kuna wimbo mmoja ambao ningependa uusikilize peke yako, watoto wakiwa wamelala. Mwaka 1827 Franz Schubert aliyatilia muziki mashairi 24 ya Wilhelm Müller, mzaliwa wa Dessau, mji ulio jirani na wako, akayaita kwa pamoja “Winterreise”. Katika wimbo wa 11, “Frühlingstraum”, msafiri anaota maua ya rangi nyingi na makonde ya kijani, na piano inampembeleza. Jogoo anawika, muziki unakuwa mkali ghafla, naye anaamka katika baridi na giza, kunguru wakipiga kelele juu ya paa. Kisha anatazama kioo cha dirisha, ambacho baridi imekichora michoro ya majani, na kuuliza ni nani aliyeyachora majani hayo. Mtu aliyewahi kudanganywa na siku 2 za joto mwezi Februari, akayafungasha makoti mazito, kisha akaamka na kukuta theluji, ataelewa kila noti ya wimbo huo.

Usishangae kwamba wenyeji wako wana hisia nzito namna hii. Leipzig mchana wa mwisho wa Desemba ni wa saa 8 hivi, na ifikapo karibu na tarehe 20 Machi umefika saa 12. Kule Tanga tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa 1. Watu wanaorudishiwa saa 4 za mwanga katika miezi 3 wana sababu ya kuimba.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Wanafunzi wangu hupenda kunukuu ule mstari wa Shelley, mshairi wa Uingereza, unaouliza kwamba, baridi ikija, je, machipuko yaweza kuwa mbali. Lakini nikiwauliza wanahisi nini wanaposoma mashairi ya theluji, hunyamaza. Je, inawezekana kweli kulifurahia shairi la mwisho wa baridi ukiwa hujawahi kuiona theluji? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Inawezekana, mwalimu, lakini si kwa kuanzia kwenye mstari huo. Percy Bysshe Shelley aliiandika “Ode to the West Wind” (shairi kwa upepo wa magharibi) mwaka 1819 karibu na Florence, Italia, na ikachapishwa mwaka 1820. Upepo anaouimba ni wa majira ya majani kupukutika, na mstari huo ndio unaolifunga shairi. Kwa hiyo anayeuliza swali lile yuko kabla ya baridi, anajipa moyo kwa sababu mabaya yanakuja. Hayuko mwisho wake, wala hajaona dalili yoyote ya nafuu. Wanafunzi wakiusoma mstari peke yake, wanapata methali na kulikosa shairi. Wape shairi lote, kuanzia majani makavu yanayokimbizwa na upepo, ndipo swali la mwisho litakapowagusa.

Kwa mwisho wa baridi wenyewe, wasomee haiku ya Kobayashi Issa, mshairi wa Japani aliyeishi kuanzia mwaka 1763 hadi 1828, mzaliwa wa Kashiwabara, kijiji cha milimani ambako theluji huanguka kwa wingi. Haiku ina silabi 17 na, kwa kanuni ya jadi, hubeba neno linalotaja majira. Hii inasema tu kwamba theluji imeyeyuka na kijiji kimefurika watoto. Waulize wanafunzi: watoto hao walikuwa wapi jana? Walikuwa ndani, kwa wiki nyingi, katika nyumba zilizozingirwa na theluji. Waulize tena: theluji nyingi ikiyeyuka, tunategemea kijiji kifurike nini? Maji, bila shaka, lakini mshairi anatupa watoto. Hakuna neno la furaha katika shairi zima, na bado furaha ndiyo inayobaki kwa msomaji. Mwanafunzi wa Iringa aliyewahi kufungiwa ndani na mvua ya masika, kisha akaona uwanja ukijaa wenzake mara ilipokatika, ana kila anachohitaji ili alielewe.

Ukiwa na kifaa cha kupigia muziki darasani, wasikilizishe pia tamasha la fidla (concerto, yaani utunzi wa fidla ikipigwa pamoja na okestra) la Antonio Vivaldi linaloitwa “Baridi”, moja kati ya manne ya majira ya mwaka yaliyochapishwa Amsterdam mwaka 1725. Kila moja liliambatana na soneti inayoeleza kinachotendeka. Katika sehemu ya mwisho ya “Baridi” watu wanatembea kwa hadhari juu ya barafu, wanateleza, barafu inapasuka. Halafu muziki unalegea, na upepo wa joto wa kusini uitwao Sirocco unasikika ukitoka nje kupambana na Borea, upepo wa kaskazini. Soneti inamaliza kwa kusema kwamba hii ndiyo baridi, lakini ni baridi iletayo furaha. Wanafunzi wenye asili ya pwani, ambako mwaka mzima hupimwa kwa kaskazi na kusi, hawatapata taabu kuelewa jinsi majira yanavyoweza kubadilika kwa vita vya pepo mbili.

SWALI: Naishi Minnesota, Marekani, na nimekuwa nikijaribu kuandika shairi la Kiswahili kuhusu mwisho wa baridi ya huku. Rafiki yangu ananiambia kwamba ushairi wetu wa arudhi, yaani wa vina na mizani, haukuumbwa kwa theluji. Unasemaje? Na je, pwani yetu haina wimbo wowote unaohusiana na sherehe za majira haya? (Kijana, Minnesota)

JIBU: Nakutia moyo uandike, na nitamjibu rafiki yako kwa ubeti wa tarbia badala ya hoja. Una mishororo 4, kila mmoja una mizani 16 iliyogawanywa 8 kwa 8, na vina vya kati na vya mwisho havibadiliki:

Theluji imeyeyuka, maji yatona paani,
Matope yamejipaka, viatuni na ngazini,
Ndege mmoja afika, aimba juu mtini,
Baridi inaondoka, ingaliko mlangoni.

Zingatia kwamba hakuna ua hata moja ndani yake. Kosa ninaloliona mara kwa mara katika mashairi yanayotufikia kutoka nchi za baridi ni mshairi kukimbilia waridi na vipepeo, vitu ambavyo mwezi Machi havipo Minnesota, kwa sababu tu ndivyo alivyozoea kuviona katika mashairi ya mapenzi. Andika matope. Andika chumvi iliyomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, inavyoacha alama nyeupe kwenye ngozi ya viatu, na glavu moja iliyopotea Januari ikajitokeza theluji ilipopungua. Arudhi itavibeba vitu hivyo bila shida, kwa kuwa kinachopimwa ni mizani na vina, na neno “theluji” lina mizani 3 kama lilivyo neno “habari”.

Kuhusu pwani, kuna uhusiano wa kweli, ingawa umejificha. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, huunganishwa na wataalamu na Nairuzi, mwaka mpya wa Uajemi ambao huko huangukia karibu na tarehe 20 Machi, baridi inapokwisha. Mwaka wa Nairuzi uliotumika pwani ni wa siku 365 bila siku ya nyongeza kila baada ya miaka 4, hivyo karne kwa karne ukasogea, na leo sherehe hufanyika Julai, katikati ya kusi. Wanaume hupigana kwa magome ya migomba na wanawake, wakiwa wamejipamba, huzunguka wakiimba nyimbo za mafumbo na kejeli. Jaribu kuzisikiliza nyimbo hizo ukiwa huko kwenye theluji inayoyeyuka, hasa kwa ajili ya mdundo wake, kwani shairi la kuiaga baridi linahitaji ukali kidogo.

Ukifikisha beti 5 au 6, ziimbe kwa sauti kabla ya kuzituma, kwa kuwa mizani iliyopungua husikika haraka kuliko inavyoonekana. Tukizipata kabla ya kufunga toleo la Aprili, tutazipa nafasi katika ukurasa wa mashairi.