Kabla hujakata ule waya wa kijani

Jumanne nilirudi kutoka kula nikamkuta kijana wa fildi anatabasamu peke yake mbele ya ampli yake ya kwanza ya klasi A, ile inayovuta umeme mwingi muda wote. "Bosi, mngurumo umeisha." Nikaweka sikio kwenye spika. Kweli, kimya. Nikageuza boksi. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovujia kwenye boksi, ulikuwa umekatwa usawa wa skrubu na ncha yake imefungwa selotepu kwa adabu kabisa.

Sikumgombeza. Nilitafuta stuli nikakaa, maana magoti yalilegea. Sababu iko kwenye namba 3. Ila kila msimu wa fildi narudia maneno yale yale kwa sura mpya, kwa hiyo safari hii naandika. Wadogo zangu, mkisoma mnipunguzie kupayuka.

1. Anza na pawa, yaani sehemu ya kuilisha ampli umeme, siyo transista. Mnazunguka mjini wiki mbili mkibishana mosfeti (aina ya transista) ipi ina sauti tamu, halafu transfoma mnaing'oa kwenye sabufa iliyokufa. Sabufa hupumzika kati ya pigo na pigo. Klasi A haipumziki: ukiweka ampea 1.5 kwenye volti 24, inakula wati 36 kwa chaneli moja, wimbo uwepo usiwepo, na ukibahatika kwenye spika ya omu 8 zitatoka wati 6 hivi. Chaneli mbili ni ampea 3 za DC, mchana kutwa. Na ampea 3 za DC baada ya briji (zile daiodi nne zinazogeuza AC kuwa DC) na kapasita siyo ampea 3 za transfoma. Zidisha kwa 1.8, utaona transfoma inadaiwa zaidi ya ampea 5. Ya volti 22, VA 160 (volti mara ampea), hapo ndipo tunaanza kuongea. Mwaka jana mmoja wenu aliniambia transfoma yake "imeandikwa 3A, bosi". Tukaiwasha saa nne asubuhi. Saa sita banda zima linanuka vanishi, na jirani wa cherehani anauliza nani kaunguza wali.

Kuchuja nako msichezee. Kapasita ya maikrofaradi 10,000 ukiivuta ampea 3, volti inapanda na kushuka karibu 3, mara 100 kwa sekunde, na ampli ya aina hii haina pa kuficha takataka hiyo. Kuongeza kapasita juu ya kapasita ni kuchoma hela tu. Jengeni kizidishi cha kapasita: transista moja ya pawa, resista, na kapasita ya kawaida kwenye besi, ule mguu wa kuiongoza transista. Itakula volti 3 hivi, ndiyo maana nimesema transfoma ya 22. Ukishindwa yote, chaja ya laptop ya volti 19 inafanya kazi vizuri kuliko wazee tunavyopenda kukiri.

2. Joto. Ampli hii inachemka zaidi ikiwa kimya kuliko ikipiga kwa nguvu. Nikisema hivyo mnadhani natania. Kile isichokipeleka kwenye spika inakibakiza kwenye hitisinki, lile pande la alumini la kupoozea transista, basi. Kwa hiyo usiiguse dakika ya tano ukasema iko poa. Ipe saa nzima, banda likiwa na joto lake la Mwanza la mchana, ndipo uweke kidole. Kisipovumilia sekunde tano, hitisinki ni ndogo. Mfuniko wa sufuria siyo hitisinki. Najua umenyooka, najua ni alumini, najua mama hajagundua. Siyo hitisinki.

Mika, ile karatasi ya kuzuia umeme kati ya transista na hitisinki, msisahau, na kabla ya kuweka mika pitisheni msasa kwenye tundu, ule unyoya wa alumini unatoboa.

3. Ethi.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa na wa kunishauri, au niseme nilikuwa nao sikuwasikiliza. Shangazi yangu alikuwa anakaanga sato Kirumba, hapa Mwanza, kibanda cha mbao hatua chache kutoka mwaloni, ufukwe wanaposhushia samaki. Aliniomba redio yenye "sauti ya mtu, siyo ya debe". Nelson Pass, mbunifu wa ampli wa Marekani, alishaonyesha mwaka 1994 kwamba mosfeti moja inatosha kubeba sauti yote, ikisaidiwa na chanzo cha karenti, saketi inayoshikilia karenti isibadilike, na mimi nilikuwa nimepata mchoro wa aina hiyo. Nikakunja bati mwenyewe, nikafunga hitisinki mbili nyuma, nikalehemu siku tatu. Ikaimba. Na chini ya kuimba, mngurumo.

Niliongeza kapasita. Nikageuza transfoma. Nikasuka waya za kuingizia sauti kama nywele. Siku ya nne nikakata ethi, mngurumo ukafa papo hapo, nikajiona daktari. Sababu za kujitetea nilikuwa nazo. Sisi tumekulia Mabatini, juu ya mawe. Nyumba ngapi kule nondo ya ethi imegonga jabali shubiri mbili chini, mwenye nyumba akaikata juu akafukia, na watu wanaishi? Nilichosahau ni kwamba shangazi hakai juu ya jabali. Anasimama peku kwenye udongo wa ufukweni ulioloa maji ya samaki tangu alfajiri.

Kosa la pili lilikuwa dogo mno. Waya wa fesi, ule wenye umeme, kutoka swichi kwenda kwenye transfoma, niliupitisha nyuma, ukawa unaegemea shina la hitisinki. Ganda la waya wa kawaida linavumilia nyuzi 70 hivi. Ile hitisinki, ndani ya boksi nililolibana kwa urembo, ilikuwa inakaribia hapo kila siku, kuanzia chai ya asubuhi hadi saa tatu usiku. Ganda halikuungua. Lililainika, kidogo kidogo, miezi mitatu.

Ilikuwa jioni, wateja wengi. Shangazi alinyoosha mkono kupunguza sauti ili amsikie mteja. Vidole vina magamba na maji ya chumvi. Vikashika ukingo wa boksi na havikuachia. Walioona wanasema hakupiga kelele, alisimama tu anatetemeka na mdomo wazi, na kwa sekunde kadhaa watu walidhani anacheza wimbo. Kijana mmoja mbeba matenga ndiye aliyeelewa. Alivuta waya wa plagi ukang'oka na soketi yake ukutani. Shangazi akaangukia beseni.

Alilazwa usiku mmoja wakiangalia mapigo ya moyo. Vidole viwili vilikuwa na alama nyeupe, ngumu, kama nta ya mshumaa. Mimi nilifika kibandani usiku huo na bisibisi. Nikafungua. Shaba iliyokuwa imejitokeza haikuzidi urefu wa punje ya mchele. Nikaizungushia tepu, nikarudishia ethi, nikafunga boksi, na asubuhi nikawaambia ndugu wote kwamba ni hitilafu ya umeme wa mtaani. Nilisema hivyo wiki tatu. Watu walinipa pole, mimi, kwa shangazi yangu.

Nilipokuja kumwambia ukweli alikuwa anaparua samaki, hakuinua kichwa. "Baba, nilijua. Umeme nimekaa nao miaka yote. Haukuwahi kunishika kabla hujaniletea boksi lako."

Kama ethi ingekuwepo, fesi ingegusa bati, karenti ingekimbilia ardhini, fyuzi ya plagi ingekatika, na mimi ningepigiwa simu ya matusi kwamba redio yangu mbovu. Hiyo tu.

Na mngurumo? Nilikuja kuupata mwezi uliofuata kwenye ampli nyingine niliyoijenga vile vile. Hasi ya kuingizia sauti nilikuwa nimeilehemu kwenye kipande cha waya kati ya briji na kapasita ya kwanza, pale pale karenti ya kuchaji inapopita kwa mapigo. Niliihamishia kwenye nukta ya pamoja, baada ya kapasita. Sentimita nne. Kimya.

Shangazi bado anakaanga. Redio anayo, ya dukani. Anaizima kwa mwiko.

Kwa hiyo: ethi inafungwa kwenye bati kwa skrubu yake peke yake, isiyoshika kitu kingine, na haikatwi. Kama mzunguko wa ethi (vifaa viwili vikiungana kwa njia mbili za ethi) unakusumbua, nukta ya sifuri ya saketi iunge na bati kupitia resista ya omu 10 iliyofungwa sambamba na briji ya ampea 35, ndiyo dawa halali. Kwenye plagi toeni fyuzi ya ampea 13 mweke ya 3. Mngurumo wa hezi 100 unatoka kwenye pawa yako. Wa hezi 50 tafuta transfoma iliyo karibu mno na waya wa sauti, au mzunguko wa ethi. Jifunzeni kuusikia tofauti.

4. Mara ya kwanza washeni kupitia balbu ya wati 100 ya nyuzi, iliyofungwa mfululizo na fesi.

5. Kapasita ya kutokea, kati ya ampli na spika, iwe ya maikrofaradi 4,700, chanya iangalie ampli. 2,200 nayo inashuka hadi hezi 9 kwenye omu 8, msinitolee povu.

6. Betri mbili za gari mfululizo ndiyo pawa safi kuliko zote, na umeme ukikatika mtaa mzima utakujua.

7. Matundu ya hewa yafunikeni kwa wavu. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakija na wingu lao wanafuata taa, wanatua kwenye hitisinki, wanakaangika. Siku moja nilimfungulia mteja boksi nikakuta tabaka jeusi la unene wa kucha. Akaniuliza kama ni sehemu ya saketi.

Ampli ya kijana wa fildi iko mezani. Nimemwachia plaizi, risasi ya kulehemu na sentimita 20 za waya wa kijani na njano. Kesho nikifika naweka mita kati ya boksi na pini ya ethi ya plagi, kabla hata hajanisalimia.