Kama una mzee asiyetaka simu

Mjomba wangu ana mikorosho Tandahimba. Laini zilipofungwa Januari 2020 kwa wale ambao hawakusajili kwa alama za vidole, laini yake ikafa, naye akasema afadhali. Akaunti ya benki hakuwahi kuwa nayo. Kwetu mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, akisema hapana basi imetoka, na mimi mpwa wake wa Mtwara mjini nilihangaika naye karibu miaka minne. Najua wengi mna mzee wa namna hii, na naogopa mnakosea palepale nilipokosea mimi.

Zamani angeweza kuachwa na msimamo wake. Lakini tangu stakabadhi ghalani ilipoanza kwetu mwaka 2007, korosho na hela havibadilishani mkono. Unapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimiwa, unapewa karatasi, ndiyo stakabadhi yenyewe, mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, ndipo unalipwa. Na malipo yanapita benki. Mjomba akawa anaingiziwa hela zake kwenye akaunti ya jirani. Msimu mmoja zikafika pungufu. Jirani anasema hizo ndizo zilizoingia, na mjomba hana pa kuthibitishia. Hela ya mwaka mzima wa kupalilia na kupuliza salfa!

Kwa hasira nikanunua simu janja, nikaipeleka kijijini, nikaanza kumfundisha barazani mbele ya wajukuu. Wa darasa la tatu akamchukulia simu mkononi: "Babu, siyo hivyo." Mjomba akanyanyuka taratibu, akaenda kuangalia mbuzi. Miezi mitano baadaye niliikuta simu sandukuni, imerudishwa kwenye boksi lake. Tafadhali, mzee usimfundishe mbele ya watoto. Ukimwaibisha mara moja, umejiongezea mwaka mzima wa kubembeleza.

Mwaka uliofuata nilikwenda bila simu wala somo. Jioni, tumekaa chini ya mkorosho, nikamwuliza tu: "Mjomba, hasa nini hukipendi?" Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Humo mlikuwa na stakabadhi zake zote, msimu kwa msimu, zimekunjwa mara nne hadi mikunjo inakatika. Akafungua moja, akaweka kidole kwenye kilo. "Hii naishika. Kilo mara bei, natoa makato, najua changu. Meseji inasema imeingia kiasi fulani. Kilo zangu ziko wapi humo? Makato yako wapi? Nikidhulumiwa, nimwonyeshe nani?"

Sikuwa na jibu, maana alikuwa na haki. Muda wote nilimwona mbishi, kumbe mwenzangu alikuwa analinda hesabu yake.

Halafu, kwa sauti ya chini, akaniambia jambo jingine. Aliwahi kupanga foleni kusajili laini, mashine ikakataa vidole vyake. Jembe na mafuta ya maganda ya korosho vimevisugua hadi vikawa laini kama kioo. Kijana wa pale akamwambia arudi siku nyingine, watu nyuma wakaguna. Hakurudi.

Basi tukakubaliana: karatasi zinabaki. Tulikwenda kusajili asubuhi mapema, kabla ya watu. Akanawa mikono kwa maji ya uvuguvugu, tukajaribu kidole kimoja baada ya kingine, cha nne kikakubali. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, nikamwonyesha kwamba nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa. Hizo akazishika papo hapo, zilizobaki akaziandika kwenye daftari. Simu tukachukua kitochi chenye batani kubwa. Akaunti tukafungua kwa jina lake, siyo langu.

Namba ya siri alichagua mwenyewe, mimi nikageuka pembeni. Hapa nasisitiza: wewe mtoto au mpwa usiijue. Siku hela ikipotea, anayeijua ndiye atakayeshukiwa, na mzee hatashika simu tena. Nikamweleza kwamba yeyote anayeiulizia ni tapeli, hata akijiita wa benki, hata akitumia sauti yangu. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" asijibu, aje aniulize.

Kisha nikamtumia 5,000, akaenda kuitoa kwa wakala peke yake. Nilikaa nyumbani. Usimfuate, hata kama roho inakuuma.

Msimu uliopita malipo yalipoingia alinipigia yeye. Alikuwa na stakabadhi mapajani, nasikia karatasi zinavyochakarika. Akanisomea kilo, bei na makato, kisha akaniambia nitulie asome meseji. Namba zilikuwa sawa. Bado lakini hataki kuangalia salio kwenye simu. Kila mwezi anakwenda kwa wakala, anaomba risiti, anaikunja mara nne.