Gereji ya Wasomaji: Taksi imenigonga nyuma, na injini iko huko huko

Safari hii barua tatu zimeingia kwenye jambo moja, kugongwa nyuma ukiwa na gari ya zamani, kwa hiyo nimezijibu pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, mtanisamehe.

Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle ya 1971, hizi tunazoziita kikere, aliniachia marehemu baba. Juzi jioni nimesimama kwenye jam pale Bweyogerere taksi ikanipiga nyuma, haikuwa spidi kubwa lakini bampa limeingia, boneti la injini limekunjika katikati na madigadi ya kushoto imebonyea. Iliwaka, nikaiendesha mpaka nyumbani. Dereva aliniomba tusiite polisi, akanipa namba ya bosi wake, na bosi anasema anatoa laki tano basi. Fundi mmoja wa Ndeeba anasema siku tatu anamaliza, ananyoosha, anapiga pati ya kujazia mabonyeo, anapaka rangi. Mbona naona kama ananiharakisha? – Msomaji, Mukono

Marahaba ndugu yangu, na pole sana. Kwanza usiiwashe tena hiyo gari. Najua ilikufikisha nyumbani, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, mtu anasema si inawaka, si inatembea, basi ni bodi tu. Ingekuwa Corolla ningekuelewa kidogo, nyuma ya Corolla kuna buti tupu, bati linakunjika linameza pigo. Beetle nyuma yake ndio injini yenyewe. Taksi imesukuma bampa, bampa limesukuma ekzosi, na ekzosi imefungwa kwenye silinda hedi kwa stadi (bolti zisizo na kichwa) ndogo ndogo ambazo zina miaka hamsini na kitu, hata kwa spana tu huwa zinakatika. Pigo la kwenye jam linatosha kupasua salensa au kulegeza stadi, na wewe usisikie chochote zaidi ya mlio kubadilika kidogo.

Hilo sio la kelele tu. Hita ya Beetle inapitisha hewa kwenye maboksi yanayozunguka paipu za ekzosi, ndio inaleta joto ndani. Paipu ikipasuka humo moshi unaingia na wewe, na kaboni monoksidi haina harufu, utaona kichwa kinauma na usingizi unakuja tu. Utasema Mukono nani anawasha hita, sawa, lakini vile vifuniko vyake vikichakaa havizibi hata ukifunga, na siku ukipanda Kabale na ile baridi yake utaiwasha mwenyewe.

Sasa fungua boneti (kama inafunguka, isipofunguka usiivunje na nondo) uangalie mpira mweusi unaozunguka injini pembeni pembeni. Mpira huo wengi wanauona kama urembo. Kazi yake ni kutenganisha hewa ya juu, ambayo feni inaivuta kupoza injini, na hewa ya chini inayotoka motomoto kwenye ekzosi, manake Beetle haina rejeta wala maji, hewa ndio kila kitu. Bodi ikikunjika mpira unachomoka, mabati yanaacha upenyo, na feni inaanza kuvuta joto lake yenyewe. Gari itatoka kwa fundi inang'aa, baada ya mwezi unapanda mlima umebeba watu wanne injini inakaba, na hakuna atakayekumbuka taksi ya Bweyogerere. Ukiwa hapo hapo angalia puli kubwa ya chini inayozungusha fenibelti, kama imebonyea ukingoni au injini imesogea mbele.

Baada ya hapo njoo kwenye chasisi, na hapa ndio nataka huyo fundi wako wa siku tatu anyamaze kwanza. Bodi ya Beetle imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yenye mgongo katikati, na ule mgongo ukifika nyuma unagawanyika kama uma, mikono miwili inabeba gia boksi. Mikono hiyo ikipinda hata kidogo, gia boksi na injini vinakaa upande, matairi ya nyuma yanafuata njia yao na wewe njia yako. Kuipima hauhitaji mashine. Weka gari kwenye sementi iliyo sawa, nyoosha usukani, pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma, kushoto halafu kulia. Kiwandani Beetle ya kawaida ni milimita 2,400. Pande mbili zikitofautiana milimita mbili tatu sio kesi, ikifika sentimita mwite mtu anayejua chasisi. Halafu chukua timazi la fundi mwashi, liangushe kutoka kwenye bolti zinazofanana kushoto na kulia, mbele na nyuma, weka alama za chaki chini, sogeza gari, pima msalaba kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, pumua. Mimi ningeishusha injini kabisa kabla ya kupima, kwa fundi aliyezoea Beetle ni kazi ya asubuhi moja, kuna bolti nne kubwa tu zinazoishika na gia boksi.

Kuhusu bodi, bahati yako madigadi ya Beetle inafunguka kwa bolti, kwa hiyo usikubali ijazwe pati ikiwa palepale garini. Itolewe, inyooshwe kwa nyundo na kitako cha chuma kwa nyuma, pati ibaki ile nyembamba ya kulainisha. Ukishindwa kabisa tafuta ya mtumba Kisekka, lile soko la spea Kampala, bati la zamani lenyewe, hizi mpya za kuiga nyingi ni nyepesi na matundu hayakutani. Boneti iliyokunjika katikati ni ngumu kurudi vizuri, hiyo badilisha, lakini ya zamani usiitupe wala usimwachie fundi. Kabla ya rangi nenda na sumaku ya friji umeizungushia karatasi ya tishu, ipitishe juu ya bati. Ikianguka mahali, hapo pamejengwa kwa pati. Na pati haipakwi juu ya bati tupu hapa kwetu na hizi mvua, inanyonya unyevu, kutu inaanza chini yake wewe unaona rangi nzuri tu.

Haya, pesa. Ulikosea kukubali ombi la dereva, lakini nakuelewa, jam imefunga, watu wanapiga honi. Nenda polisi hata sasa uripoti, peleka picha, namba ya taksi, jina la dereva. Aliyegonga nyuma mara nyingi ndiye anayebeba lawama kwa kutoacha nafasi, ila bila maandishi kesho atasema ulirudi rivasi. Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: ile stika ya bima ya thadi pati tunayolazimishwa wote hapa Uganda tangu sheria ya 1989 inalipa mtu aliyeumia au aliyekufa, hailipi bati. Kwa hiyo usimsubiri wakala wa bima ya taksi, kama hawana bima kubwa ya komprihensivu pesa ya gari yako inatoka mfukoni kwa bosi. Usichukue laki tano kabla ya injini kushuka, ukishapokea na kusaini "nimeridhika" umejifunga. Pata makadirio ya gereji mbili kwa maandishi, kaeni chini na bosi, muandike atalipa kiasi gani na lini, mashahidi wasaini. Maandishi hayo yanageuza ubishi kuwa deni, na deni lisilozidi milioni 10 unaweza kulipeleka kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani bila wakili. Akikwambia gari kuukuu haina thamani mwambie Beetle ilishinda East African Safari 1962 na Tommy Fjastad usukani, enzi hizo mashindano yanapita mpaka huku Uganda. Haitampandishia bei, lakini atajua unajua ulichonacho.

Fundi, Mercedes yangu W123 iligongwa nyuma mwaka jana ikatengenezwa vizuri, ila mvua ikinyesha buti linajaa maji. Nimebadilisha mpira mara mbili. – Mama Irene, Entebbe

Mama, mpira hauna kosa. Toa zulia la buti na spea taya, angalia lile shimo la tairi, ukikuta mikunjo kwenye bati au rangi tofauti na kwingine, ujue nyuma haikuvutwa ikarudi kwenye vipimo, walilazimisha mfuniko tu ukafunga. Funga karatasi ya gazeti kwenye mdomo wa buti halafu ivute, zunguka hivyo pande zote. Inapotoka bila kukaza ndipo maji yanapoingia. Angalia pia chini ya taa za nyuma, gasketi zake hazirudishwi. Na tenki la W123 liko nyuma ya mgongo wa kiti, kwa hiyo ukisikia harufu ya mafuta humo ndani usimalize wiki kabla ya kumwona fundi.

Niligongwa nyuma na pikapu nikiwa kwenye Peugeot 404 ya babu, gari haina kitu, lakini shingo imeanza kuuma siku ya pili. Ni kawaida? – Kijana, Jinja

Inatokea sana, viti vya zamani vile havina pa kuegemeza kichwa, na maumivu ya shingo hupenda kuja kesho yake. Nenda hospitali leo, ukisikia mikono inakufa ganzi usingoje hata jioni. Chukua karatasi ya daktari upeleke polisi iingie kwenye faili, maana hapa sasa ile thadi pati ya pikapu inakuhusu. 404 nitumie picha za chini, "haina kitu" ya macho siiamini.