Re: Soya badala ya unga wa samaki kwa kamba wachanga

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuondoa unga wote wa samaki na kuweka soya kwenye chakula cha kamba wachanga. Wote, hapana. Soya ina upungufu wa methionini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na haina kolesteroli, ambayo kamba hawezi kujitengenezea mwilini ilhali ndiyo malighafi ya homoni ya kujivua gamba. Na wachanga hujivua mara kwa mara! Soya mbichi ina pia vizuizi vya tripsini (kimeng'enya kinachovunja protini tumboni) vinavyovuruga mmeng'enyo, kwa hiyo tumia iliyopikwa vizuri. Halafu harufu: akikosa harufu ya samaki au ngisi, kamba huizunguka punje ya chakula bila kuishika, mpaka inalowa na kumomonyoka. Anza na unga wa samaki, soya iongeze polepole wanavyokua.