Re: Nyanya za kuoka na jibini ya nyumbani

Dada, umeuliza kama jibini laini inaweza kutengenezwa nyumbani, uiandae na nyanya za kuoka kabla ya chakula wageni wakija na joto hili. Inawezekana kabisa, na ni tamu kuliko ya dukani.

Chemsha lita 2 za maziwa freshi yenye mafuta yake. Yakianza kupanda zima moto, mimina taratibu vijiko 4 vya chakula vya maji ya ndimu, koroga kidogo tu kisha uyaache dakika 10. Maji yaliyojitenga yakiwa na rangi ya kijani-manjano, maziwa yamekatika; kama bado ni meupe, ongeza ndimu. Chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi. Usikamue sana, jibini ikikauka haipakiki tena. Utapata gramu 300 hivi. Maziwa ya boksi ya kukaa muda mrefu yaache, hutoa chenga ndogo mno. Yale maji yaliyochujwa kandia unga wa chapati.

Nyanya chagua ndogo zilizoiva barabara. Kata nusu, zipange upande uliokatwa ukiwa juu ili maji yapae na utamu ubaki. Chumvi, vitunguu saumu, mafuta ya zeituni, oveni nyuzi 200, dakika 30 au mpaka kingo zianze kuungua. Huna oveni? Kikaango kizito, moto mdogo, bila kufunika.

Jibini iwe ya baridi, nyanya za vuguvugu juu yake pamoja na mchuzi wake wote, majani ya mrehani, na mkate uliochomwa.