Inafunguka kwenye emuleta, kwenye simu inajifunga: soma logi kwanza

Mkuu, umesema programu yako ya Android inafunguka vizuri kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), ila kwenye simu yenyewe skrini inamulika mara moja kisha inajifunga, na umeshaifuta na kuisakinisha upya bila mafanikio. Kufuta na kusakinisha upya husaidia pale data za toleo la zamani zinapogombana na toleo jipya. Zaidi ya hapo unajichosha bure.

Watu huchanganya mambo matatu wakisema "haifunguki". Kuna programu inayokataa kusakinishwa kabisa, kuna inayosakinishwa ikafa papo hapo, na kuna iliyo hai lakini skrini imebaki nyeupe. Yako ni ya pili, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana Android ikiiua programu huandika sababu kwenye logi, yaani kumbukumbu za mfumo. Kazi ni kuisoma tu.

Washa chaguo za wasanidi programu kwa kugonga namba ya muundo mara 7 kwenye taarifa za simu, washa utatuaji wa USB, chomeka waya, halafu andika adb devices kwenye terminal ya kompyuta (adb ni zana ya Android ya kuongea na simu kutoka kompyuta). Ukiona neno unauthorized, kuna ujumbe kwenye skrini ya simu unaosubiri ukubali. Usipoona kitu chochote, badilisha waya kabla ya kugusa kingine: nyaya nyingi zinazouzwa na chaja hupitisha umeme tu, data hazipitishi. Simu ikishaonekana, safisha logi kwa adb logcat -c, fungua programu ife, kisha andika adb logcat -b crash. Tafuta FATAL EXCEPTION, ushuke mpaka "Caused by" ya mwisho kabisa. Wengi hunakili mstari wa juu na kwenda kuutafuta mtandaoni, wakati ule wa juu mara nyingi unasema tu kwamba activity (skrini ya programu) imeshindwa kuanza, jambo ambalo tayari unaliona kwa macho.

Kisa kilichonifunza kuheshimu logi kilikuwa cha UnsatisfiedLinkError, kosa la maktaba kutopatikana. Programu ilikuwa na maktaba mbili zenye mafaili ya .so, yaani msimbo ulioandaliwa kwa aina maalumu ya chipu. Moja ilikuja na arm64-v8a (ARM ya biti 64) pamoja na x86_64 (Intel ya biti 64), nyingine ilikuwa na armeabi-v7a (ARM ya biti 32) na x86_64 tu. Emuleta kwenye kompyuta ya Intel ni x86_64, kwa hiyo ilizipata zote mbili na kila kitu kikaenda sawa. Simu ni arm64. Sasa, wakati wa kusakinisha Android huchagua usanifu mmoja wa chipu kwa programu nzima: ikikuta folda ya arm64-v8a ndani ya APK (faili la kusakinishia programu), inaishika hiyo hiyo na hairudi kwenye armeabi-v7a kuokota kilichokosekana. Maktaba ya pili ikawa imo ndani ya APK lakini kwa simu ni kama haipo. Ajabu ni kwamba mimi nilipoongeza ile maktaba ya kwanza, ya pili ndiyo ikaanza kulalamika, wakati hakuna aliyeigusa. Bila logi ningemshitaki asiyehusika.

Kuhakiki ni rahisi kwa sababu APK ni zip tu: ifungue, ingia folda ya lib, hesabu mafaili katika kila folda ndogo. Kisha uliza simu yako kwa adb shell getprop ro.product.cpu.abi. Dawa ya kudumu ni kupata toleo la maktaba lenye arm64. Njia ya mkato ya kubakiza biti 32 peke yake kwa abiFilters (mpangilio wa kuchagua usanifu) siishauri: Google Play inadai biti 64 tangu Agosti 2019, na zipo simu, kuanzia Pixel 7 ya 2022, ambazo programu ya biti 32 pekee haziiendeshi. Kama unatumia Mac yenye chipu ya Apple, emuleta yako nayo ni arm64, basi sababu hii iweke mbali kidogo.

Jambo la pili, na hapa hukutuambia: kwenye simu umeweka toleo la debug (la majaribio) au la release (la kuwapa watumiaji)? Kama emuleta ina debug na simu ina release, umebadilisha vitu viwili kwa pamoja na hujui kipi kinakuumiza. Weka ile release kwenye emuleta. Ikifa na huko, simu yako haina kosa. Mshukiwa ni R8, zana ya kupunguza ukubwa wa programu, ambayo huondoa klasi inazodhani hazitumiki na kubadilisha majina ya zinazobaki. Klasi zinazoitwa kwa jina wakati programu inaendeshwa, hasa za kusoma JSON, ndizo wahanga wakubwa. Logi itaonyesha ClassNotFoundException au NoSuchMethodException, na tiba ni kanuni ya keep (inayoiambia R8 isiziguse) kwa klasi hizo, si kuizima R8 yote.

Ukikuta NoSuchMethodError inayotaja kitu cha Android chenyewe, mara nyingi simu ina Android ya zamani kuliko emuleta.

Kwa wenye skrini nyeupe: anwani 10.0.2.2 inaifikia kompyuta yako kutoka emuleta pekee, simu haiijui. Tumia IP ya kompyuta kwenye Wi-Fi moja, au adb reverse, inayopitisha mawasiliano hayo kwenye waya. Tena, kwa programu inayolenga Android 9 na kuendelea, http isiyo na s huzuiwa hadi uiruhusu. Wa Flutter, angalieni ruhusa ya INTERNET kwenye manifest kuu (faili la maelezo ya programu), maana kiolezo cha mradi huiweka kwenye za debug na profile tu.

Wa iPhone mna yenu: provisioning profile (kibali cha kusakinisha) ya akaunti ya bure huisha baada ya siku 7, na tangu iOS 16 lazima Developer Mode iwashwe.

Mkuu, bandika hapa "Caused by" ya mwisho na mistari michache chini yake, modeli ya simu, toleo la Android, na kama ni debug au release. Picha ya skrini usiweke, weka maandishi.