Maswali ya Wasomaji: Nzohe wa Saiwa, Heroe wa Nakuru na Kiboko wa Dunga

SWALI: Habari zenu. Baba watoto ameahidi kutupeleka Hifadhi ya Saiwa, karibu na Kitale, tukamwone nzohe likizo hii. Jirani yetu alikwenda mwaka jana, akarudi akisema ni matete matupu. Tusije tukapoteza nauli bure?
*Mama wa watatu, Eldoret*

JIBU: Nzohe wapo, mama. Inaelekea jirani yako alifika jua likiwa limeshapanda. Huyu ni swala wa kinamasi. Kwato zake ni ndefu na hupanuka anapokanyaga, ndiyo maana hapotelei kwenye tope. Hula alfajiri na jioni. Mchana hulala juu ya matete aliyoyalaza kwa miguu yake, na akishtuka hujitosa majini akabakiza pua tu. Saa nne unaweza kumpita hatua ishirini usijue.

Laleni Kitale, au pigeni kambi hapo hifadhini, ili saa 12 asubuhi muwe langoni. Gari linabaki nje. Hifadhi yenyewe ni kama kilomita 3 tu za mraba na yote ni ya kutembea kwa miguu, kwa hiyo hamna haja ya kuharakisha. Chagueni jukwaa moja la mbao, mpande, mkae dakika 90. Wengi hukosea hapa: huzunguka majukwaa yote, dakika kumi kila moja, na kila wanapopita mbao za daraja zinalia na kutikisa matete. Nzohe husikia hayo kabla hamjafika. Watoto watangulie mmoja mmoja, wakikanyaga katikati ya ubao.

Mkishakaa, msitafute mnyama mzima. Tazameni pale matete marefu yanapokutana na nyasi fupi. Matete husimama wima. Chochote kilicholala usawa ndani yake, kielekezeeni darubini. Mara nyingi utakuwa mgongo, kisha sikio litapepea kufukuza nzi, na hapo mnyama mzima atajitokeza machoni kana kwamba alikuwepo siku zote. Jike ni mwekundu wa hudhurungi mwenye michirizi myeupe. Dume ameiva zaidi kwa rangi na pembe zake zimejipinda.

Darubini ya 8x42, yaani ya kukuza mara 8, inatosha. Zile za kukuza mara 12 hutetemeka mkononi, mtoto haoni kitu. Vaeni kijani au kahawia iliyofifia, sweta nzito, na buti za mpira kwa sababu ya umande. Jezi nyeupe ziacheni nyumbani.

Jua likichomoza vizuri, inueni macho mitini. Kuna kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa. Akiogopa hakimbii, huganda palepale tawini, kwa hiyo aliyekwisha kumwona anyooshe kidole polepole na wengine wafuate kidole.

SWALI: Nilipokuwa mdogo Ziwa Nakuru lilikuwa na wekundu wa heroe (flamingo) ukingoni kote. Sasa ni maji tu. Wamekufa?
*Msomaji, Lanet*

JIBU: Hawakufa, walihama. Heroe mdogo hula mwani wa kijani-buluu unaostawi katika maji ya magadi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa limejaa na kumeza hata sehemu ya barabara na lango kuu la zamani. Maji matamu yakapunguza makali ya magadi, mwani ukapungua, na ndege wakafuata chakula. Husafiri usiku kutoka ziwa hadi ziwa, kwa hiyo ukingo uliojaa leo unaweza kuwa mtupu kesho. Piga simu langoni kabla ya kutoka nyumbani, uulize kama wapo wiki hiyo.

Wakikosekana, nenda Ziwa Bogoria kupitia Mogotio na Marigat hadi lango la Loboi. Chukua maji ya kunywa ya kutosha, kwa maana joto la huko si la Nakuru. Shika watoto mikono karibu na chemchemi: maji yanatokota kwelikweli, na ukoko wa pembeni huonekana mgumu ilhali chini ni tope la moto.

Usiidharau Nakuru kwa kukosa heroe, tafadhali. Ndege aina ya mwari bado ni wengi, na vifaru wako palepale.

SWALI: Kifaru mweusi na mweupe nitawatofautishaje? Wote naona wa kijivu. Na gari lisogee hadi wapi?
*Mwalimu, Molo*

JIBU: Rangi isahau, mwalimu, tazama mdomo. Mweupe ana mdomo mpana, uliokatika kama ukingo wa koleo, naye hula nyasi, kwa hiyo kichwa kiko chini karibu wakati wote. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, wa kushikia vijiti, na utamkuta vichakani. Kukiwa na ndama wakitembea, wa mweupe kwa kawaida hutangulia mbele ya mama na wa mweusi hufuata nyuma.

Mweupe mtafute asubuhi kwenye nyanda za nyasi kusini mwa ziwa. Simama mita 20 au zaidi, zima injini, subiri. Kifaru haoni vizuri lakini anasikia na kunusa sana. Ukizima injini mapema, mara nyingi huendelea kula na kukusogelea mwenyewe. Akiinua kichwa, masikio yote mawili yakakuelekea na mkia ukasimama, washa gari urudi nyuma taratibu. Usipige honi wala usishuke. Lipia kiingilio kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, usiku uliotangulia, maana langoni hawapokei pesa taslimu na mtandao ukigoma mtakaa foleni saa nzuri zikipita.

SWALI: Wenye mashua wa Dunga, hapa ukingoni mwa Ziwa Victoria, wanasema wanaweza kutufikisha karibu kabisa na viboko. Ni salama?
*Msomaji, Kisumu*

JIBU: Aliye tayari kukufikisha "karibu kabisa", mwache. Mzuri ni yule anayezima injini mbali, kama mita 50, na kuhakikisha mashua haiko kati ya kiboko na maji ya kina. Ondokeni asubuhi kabla upepo wa mchana haujachafua ziwa, kila mtu akiwa amevaa jaketi la kujiokolea na kulifunga. Kiboko anapopanua kinywa si miayo ya usingizi, anawaonya. Akizama na mkaona mkunjo wa maji ukija upande wenu, nahodha asingoje aibuke, aondoke papo hapo. Na jioni msitembee kwenye nyasi za ukingoni, kwa kuwa ndio wakati wanapotoka kwenda kulisha.